Mbwa wangu anatetemeka usiku na asubuhi hainuki vizuri. Nimwongezee blanketi?

SWALI

Madaktari, salaam.

Nina mbwa dume anaitwa Simba, ana miaka 9 na uzito wa kilo 25, manyoya yake ni mafupi. Analala nje kwenye kibanda cha mbao kilichojengwa kwa ajili ya mbwa wawili, ila mwenzake hayupo tena. Kibanda kimekaa moja kwa moja juu ya zege, na ndani nimemtandikia mablanketi matatu ya pamba.

Tangu baridi ikaze na theluji ianze kuanguka, namsikia akitetemeka usiku. Asubuhi anainuka kwa shida, miguu ya nyuma imekakamaa, anachechemea, kisha baada ya robo saa hivi anatembea kama kawaida. Barabara tunazopita zimemwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu. Tukirudi nyumbani analamba nyayo mpaka zinakuwa nyekundu, na juzi alitapika. Maji kwenye bakuli lake la chuma huwa yameganda kila asubuhi. Naona pia amekonda, mbavu zinaonekana, ingawa anamaliza chakula chake chote, gramu 300 za chakula kikavu kwa siku.

Jirani ananiambia mbwa ana manyoya yake, nikimdekeza ataharibika. Mume wangu anashauri tumfungie taa ya joto kibandani na tumpe nusu kidonge cha dawa ya maumivu tunayotumia sisi. Mimi nilitaka kuongeza blanketi la nne. Naombeni mnielekeze. Mbwa huyu amekua pamoja na wanangu, na roho inaniuma kumsikia usiku.

Mwenye Simba

JIBU

Dada yetu, salaam.

Blanketi la nne usiliweke, na hayo matatu yatoe leo. Kabla hujayafua, yashike kwa kiganja: karibu kwa hakika utakuta yana unyevu. Mbwa anapolala hutoa mvuke kwa kila pumzi, na akiingia kibandani hubeba theluji kwenye nyayo na tumboni. Pamba hunyonya yote hayo na kuyashikilia. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa iliyotulia, kwa hiyo blanketi lililolowa linamnyang'anya Simba joto usiku kucha, na usiku ukiwa mkali linaganda kabisa. Zege lililo chini nalo linavuta joto kutoka upande wa pili.

Kwa hali uliyoieleza, Simba alale ndani. Umri wake, manyoya mafupi na kukonda, kila kimoja kingetosha kutufanya tuseme hivyo, naye anavyo vyote vitatu. Jirani yako hajakosea moja kwa moja. Wako mbwa wa Husky, Malamute na Samoyed wenye manyoya ya tabaka mbili, la ndani laini na zito, la juu refu lisiloshika maji, na hao hulala kwenye theluji bila shida. Simba hana tabaka hilo la ndani la kutosha. Kutetemeka ni misuli inafanya kazi ili kutengeneza joto, na kazi hiyo inalipiwa kwa mafuta ya mwili wake. Mbwa anayetetemeka usiku baada ya usiku hazoei baridi, anaishiwa akiba.

Kwa mbwa wa aina yake chukua vipimo hivi kama makadirio. Juu ya nyuzi joto 7 hana tatizo akiwa mkavu. Kati ya 7 na 0 anaweza kukaa nje kwa muda mfupi, huku ukimwangalia. Chini ya 0 asiachwe nje peke yake, na chini ya nyuzi 7 za hasi hata mbwa wengi wakubwa wenye afya wanahatarishwa. Upepo na mvua huvunja hesabu hiyo: nyuzi 5 zenye mvua na upepo ni mbaya kuliko 0 kavu iliyotulia.

Ndani asiwekwe karibu na hita. Mtafutie kona isiyopitiwa na upepo wa mlangoni, umpe godoro la sponji ngumu lenye unene wa sentimita 8 hadi 10, lililovikwa kitambaa kisichopitisha maji na juu yake shuka linalofulika. Jaribu sponji kwa kuikandamiza kwa goti: goti likigusa sakafu, basi na kiwiko cha Simba kitagusa. Kama sakafu ni ya vigae au mbao zinazoteleza, tandika mikeka yenye mpira chini kuanzia alipolala hadi mlangoni. Mbwa mwenye maumivu ya viungo akiteleza mara moja tu huweza kujivuta msuli akachechemea kwa siku kadhaa. Akianza kuhema na kuhamia sakafuni, chumba kina joto kupita kiasi kwake, mwache achague.

Kibanda usikitupe, kitamfaa mchana anapokuwa uani. Ila kirekebishwe, kwa sababu kina makosa matatu, na kubwa zaidi ni ukubwa wake. Kibanda hakina joto lake chenyewe, kinachokipasha ni mwili wa mbwa. Nafasi ya mbwa wawili kwa mbwa mmoja aliyekonda ni hewa nyingi mno kwake kuipasha. Kata ubao wa plaiwudi ugawanye ndani, abaki na nafasi ya kusimama, kugeuka na kujikunja tu. Urefu uwe kutoka puani hadi mzizi wa mkia ukiongeza kama sentimita 15, na dari liwe sentimita 5 hadi 10 juu ya kichwa chake akisimama. Upande uliobaki usiachwe wazi kwa upepo, uzibe.

Kosa la pili ni zege. Inua kibanda sentimita 10 juu ya ardhi kwa matofali au vipande vya mbao kwenye pembe nne, hewa ipite chini na maji yasituame. Ukipata shiti za povu gumu zile za kuzuia joto, bandika unene wa sentimita 3 hivi chini ya sakafu na ukutani, kisha uzifunike kwa plaiwudi. Usiziache wazi, mbwa huzitafuna na vipande vikaziba utumbo.

La tatu ni matandiko. Weka mabua makavu ya ngano au shayiri, kina cha sentimita 15 hadi 20, na kumbuka yatashuka yakilaliwa. Bua lina uwazi ndani, linahifadhi hewa, na unyevu unapita katikati yake kwenda chini badala ya kubaki kwenye mwili wa mbwa. Usichanganye na nyasi kavu za kulishia mifugo: hizo hunyonya maji, huota ukungu, na vumbi lake humfanya mbwa akohoe. Kila baada ya siku 2 au 3 ingiza mkono mpaka chini. Ukigusa unyevu au ukasikia harufu ya uvundo, toa yote ubadilishe. Hata yakiwa makavu, yakishakuwa bapa hayana hewa tena, yabadilishwe, kwa kawaida kila wiki 2.

Mlango uelekee upande upepo usikotokea, na ukiweza usiwe katikati bali pembeni, Simba apate kona ya kujificha. Utundikie pazia la mpira au plastiki nene lililokatwa vipande vinavyopishana. Acha tundu dogo la hewa juu, chini ya paa. Wengi huziba kila mahali wakidhani wanasaidia, kisha mvuke wa pumzi unaganda darini na kumdondokea mbwa.

Taa ya joto, hapana. Mabua makavu, balbu ya moto na waya ndani ya meno ya mbwa ni vitu visivyokaa pamoja, na vibanda huungua kwa njia hii hii. Jiko la mkaa ni baya zaidi: linatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua katika nafasi ndogo iliyofungwa. Ukitaka kumwongezea joto, jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, ifunge vizuri, izungushie taulo na uiweke ubavuni pake kwa namna ambayo anaweza kujisogeza mbali nayo. Pedi za umeme zinazotengenezwa kwa watu zimeunguza ngozi za mbwa wengi, hasa wazee ambao hawainuki haraka.

Sasa miguu. Kukakamaa baada ya kulala na kulegea baada ya dakika 10 au 15 za kutembea ni dalili tunayoijua sana kwa mbwa wa umri huu: gegedu la viungo limelika. Baridi haikuleta ugonjwa huo, imeongeza maumivu yake. Dawa zipo na zinafanya kazi vizuri, lakini ni zile za mbwa, zinazotolewa kwa uzito wake baada ya kupimwa figo na ini. Hicho nusu kidonge kisitolewe. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo, hata kwa kiasi ambacho mtu mzima asingehisi chochote. Parasetamoli huharibu ini, na kipimo kikipita kiasi huharibu pia uwezo wa damu kubeba oksijeni. Tunaomba mumeo asikasirike, nia yake ni njema, lakini kila msimu wa baridi mbwa hufa kwa dawa walizopewa kwa upendo.

Badala ya matembezi moja marefu, mtoe mara 3 kwa siku, dakika 15 kila mara, na dakika 5 za kwanza aende polepole kabla ya kumwacha akimbie. Kumpumzisha kabisa kunadhoofisha misuli inayoshikilia kiungo, na maumivu yanazidi. Angalia pia makucha. Wakati wa baridi mbwa hutembea kidogo na juu ya theluji laini, hivyo makucha hayasagiki. Ukiyasikia yakigonga sakafu anapotembea, ni marefu, yanamsukuma kusimama vibaya na kuumiza viungo zaidi. Kata kidogokidogo kila wiki 3 au 4, ukiepuka sehemu yenye mshipa wa damu.

Kulamba nyayo na kutapika tunahisi vinatoka sehemu moja, nayo ni chumvi. Chembe zake zina ncha kali, hukwama kati ya vidole na kukausha ngozi mpaka inapasuka. Aina yenye kalsiamu kloraidi hutoa joto inapokutana na maji, kwa hiyo huunguza kabisa. Kisha mbwa analamba, chumvi inaingia tumboni, anatapika. Kabla ya kutoka paka nyayo zake mafuta ya mgando, tabaka jembamba tu, hadi kati ya vidole. Nywele zinazochomoza kati ya vidole zikate zilingane na ngozi nene ya nyayo, kwa mkasi wenye ncha butu, maana ndizo zinazoshika madonge ya barafu. Mkirudi, weka beseni mlangoni lenye maji ya vuguvugu ya kina cha sentimita 5, osha kila mguu kwa nusu dakika hadi dakika moja huku ukipitisha kidole kati ya vidole vyake, kisha kausha. Kukausha kusisahaulike: ngozi ya katikati ya vidole ikiachwa mbichi huota fangasi, naye ataendelea kulamba hata baada ya chumvi kuisha. Pangusa na tumbo, mbwa wenye miguu mifupi hasa huchota chumvi nyingi huko.

Viatu vya mbwa vinafaa kuliko mafuta, mbwa akivikubali. Mvalishe kwanza ndani kwa dakika chache kila siku, na hakikisha kidole chako kinapita chini ya mkanda, ukibana sana damu haifiki.

Akinywa maji mengi kupita kawaida, akatapika mara kwa mara, akayumba au misuli ikaanza kurukaruka baada ya kula chumvi, hiyo ni hali ya dharura, mpeleke kwa daktari mara moja. Usimtapishe kwa nguvu bila kuambiwa na daktari. Na asinywe kamwe kwenye madimbwi ya maegesho ya magari. Kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, huvuja hapo, na ya rejeta nyingi ina sumu ya ethilini glaikoli, ina utamu, na mililita 5 hivi kwa kila kilo ya mbwa zinaweza kumuua. Saa za kwanza huonekana kama amelewa, halafu huonekana kama amepona, na hapo ndipo wenye mbwa hupumua, kumbe figo zinakufa. Dawa ya kuzuia sumu hiyo lazima itolewe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 8. Ukimwona amelamba, usingoje dalili.

Kuhusu maji ya kunywa: mbwa wa kilo 25 anahitaji takriban lita 1.25 hadi 1.5 kwa siku, na anayekula chakula kikavu huyapata karibu yote kwenye bakuli. Bakuli la chuma nje libadilishe. Linaganda haraka, na ulimi uliolowa hunata kwenye chuma chenye baridi kali ukachubuka. Tumia la mpira mnene au plastiki nene, lenye kina kuliko upana, umwagie maji ya vuguvugu mara 3 au 4 kwa siku. Theluji si mbadala wa maji: kuiyeyusha tumboni kunamgharimu joto lile lile unalojaribu kumhifadhia.

Chakula kiongezwe, kwa kiasi. Mbwa anayeshinda nje kwenye baridi huhitaji nyongeza ya asilimia 10 hadi 30 hivi, wakati anayeshinda ndani mara nyingi haongezwi kitu, na akiongezwa hunenepa, viungo vikalipa. Simba atakuwa katikati. Anza na gramu 30 juu ya zile 300 kwa wiki nzima, kisha ufike gramu 360, ukiigawa milo miwili au mitatu. Usimwagie mafuta ya kupikia wala ngozi na mabaki ya nyama yenye mafuta ukidhani yanampasha: mafuta mengi ya ghafla huwasha kongosho, na hapo utakuwa na mbwa anayetapika, tumbo linamuuma, hali chochote. Mpime kila wiki, jipime umembeba kisha utoe uzito wako. Pitisha viganja ubavuni bila kukandamiza: mbavu zihisike chini ya ngozi yenye nyama kidogo, zisionekane kwa macho.

Sweta linamfaa kwenye matembezi, mradi lifunike kifua na tumbo, si mgongo pekee. Likilowa livuliwe hapo hapo.

Nunua kipimajoto cha kidijitali kiwe chake peke yake. Kipake mafuta ya mgando, kiingize sentimita 2 hadi 3 kwenye njia ya haja kubwa, subiri kilie. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Likishuka chini ya 37 mpigie daktari huku ukianza kumpasha: mkaushe, mfunike blanketi kavu (hapa ndipo mablanketi yako yana kazi), weka chupa za maji ya moto zilizozungushiwa taulo kifuani na tumboni, si miguuni, na umpime kila dakika 10. Jambo linalotisha zaidi si kutetemeka. Ni mbwa aliyekuwa akitetemeka akaacha, huku bado ana baridi, amelegea na anapumua polepole. Mwili umeshindwa kujitetea, huyo hana muda wa kusubiri asubuhi.

Kagua pia ncha za masikio, mkia, vidole, na kwa dume mfuko wa korodani. Ngozi iliyopauka, ya kijivu au ya kibluu, baridi na ngumu, imeganda. Usiisugue, maana unavunja nyama iliyoganda. Ipashe kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya vuguvugu ambayo mkono wako unayavumilia bila taabu, ikaushe kwa kugusagusa, na usianze kuipasha kama atarudi kwenye baridi tena. Ukubwa wa jeraha hujulikana baada ya siku kadhaa, kwa hiyo daktari amwone hata kama panaonekana pamepona.

Limebaki moja linalotusumbua katika barua yako kuliko kutetemeka. Mbwa anayemaliza chakula chake chote na bado anakonda huenda hakondi kwa baridi peke yake. Minyoo, kisukari, figo na magonjwa ya utumbo vyote huonekana hivyo katika umri wa miaka 9, na vyote humfanya asihimili baridi. Usingoje tuone kama gramu 60 zitamrudisha, mpeleke wiki hii. Omba apimwe viungo kwa mkono na kwa eksirei, damu ipimwe figo, ini na sukari, na utaje kutapika na kulamba chumvi. Chukua kinyesi kidogo cha siku hiyo kwenye kopo safi, na mkojo wa kwanza wa asubuhi, mililita 10 zinatosha: subiri ainue mguu, kinga kwa kijiko kirefu cha kuchotea supu kilichooshwa na kukaushwa, umimine kwenye chupa safi na uufikishe ndani ya saa 4, au uuweke kwenye jokofu mpaka mnapoondoka.